Gharama ya kujulikana na watu usiowajua

Tarehe 8 Agosti 2017, Wakenya walipokuwa kwenye foleni za kupiga kura, mwanamume mmoja wa Nairobi alipigwa picha akila githeri kutoka kwenye mfuko wa plastiki. Hakufanya jambo lolote la ajabu. Foleni ilikuwa ndefu, njaa ikamshika, akatoa mahindi na maharage yake akala huku akisubiri zamu. Kabla hata vumbi la uchaguzi halijatulia, nchi nzima ilikuwa ikimwita Githeri Man. Watu waliikata picha yake wakaibandika popote akili zao zilipowapeleka. Kampuni zikamfuata na zawadi, nazo zikahakikisha kamera ipo wakati wa kukabidhi. Desemba ya mwaka huohuo Rais Uhuru Kenyatta alimtunuku nishani ya taifa. Mwaka uliofuata vyombo vya habari viliandika kwamba yuko kwenye kituo cha kuwasaidia walioathiriwa na pombe, na habari hiyo nayo ikasambazwa, ikatiwa maneno ya kejeli, ikasambazwa tena.

Humfikiria mtu huyu kila ninaposikia kijana akisema anataka kuwa maarufu. Yeye hakuutafuta umaarufu. Ulitengenezwa na watu wengine, kwa sura yake, bila kumuuliza, na ulipowachosha wakauacha. Mara nyingi tunapozungumzia ubaya wa ustaa tunamlaumu staa mwenyewe: anajisikia, anatafuta kiki, hana maadili. Kisa hiki kinatuondolea kisingizio hicho. Hapa palikuwa na raia mwenye njaa tu, na bado yakampata yaleyale yanayowapata wanaohangaika kwa miaka kulitafuta jina.

Ninavyoona mimi, umaarufu wa siku hizi umebadilika umbile lake. Zamani mtu alijulikana kwa kitu alichokifanya, na kitu hicho kilisimama kati yake na watu. Sasa kinachouzwa ni yeye mwenyewe: mwili wake, ndoa yake, ujauzito, msiba wa mama yake, ugomvi na aliyekuwa mpenzi wake. Hakuna tena kitu cha kusimama katikati. Tena anayeuzwa si yeye anayeshika sehemu kubwa ya mauzo. Kwa hiyo kijana anayesema anataka kujulikana anaomba kazi ambayo malighafi yake ni yeye, na mkataba wake haujui.

Mtu atasema haya si mapya, na waimbaji walitukanwa tangu enzi. Ni kweli. Siti binti Saad, binti wa Fumba aliyeingia mjini Unguja akiuza vyungu, alitungiwa nyimbo za kumdhalilisha. Mahasimu wake waliimba wakiuliza amekuwa mtu lini, wakamkumbusha kaniki aliyokuja nayo mjini, wakasema kama si sauti angekula nini. Alizijibu kwa wimbo, kwamba uzuri wa sura na utukufu wa ukoo si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri, na santuri hizo zikasikilizwa pwani yote na bara.

Lakini angalia lile tusi lilivyoundwa. Mahasimu wake walilazimika kuitaja sauti. Hata katika kumdharau walikiri kwamba pana kitu anachokijua, na kitu hicho ndicho kilichomfikisha alipofika. Wimbo wa matusi ulihitaji mtunzi, kina, mizani, na mtu wa kuuimba mbele za watu akijulikana kuwa ni yeye. Naye alikuwa na nyumba ya kurudi, mlango wa kufunga, na mji uliojua kuwa huyu ni mwimbaji na pia ni jirani. Leo tusi linaandikwa na mtu asiye na jina wala picha, saa nane za usiku, chini ya picha ya mtoto mchanga. Kesho yake anayetukanwa anatakiwa atabasamu kwenye tangazo la sabuni, kwa sababu kampuni imemlipa kwa hesabu ya hao hao wanaomtukana.

Twende kwenye fedha, maana hapo ndipo vijana wengi wanapodanganyika, na sidhani kama wanadanganyika kwa ujinga. Kijana wa Mbagala, Kisauni au Kibera ameona ndugu yake mwenye shahada akikaa nyumbani miaka. Ameona pia mwimbaji Diamond Platnumz akitoka Tandale hadi kujaza viwanja nje ya nchi. Ukipima njia hizo mbili kwa macho tu, ya pili inaonekana na ya kwanza haionekani. Kumwambia kijana huyo asome kwa bidii, aache ndoto za mitandaoni, ni kumpa ushauri ambao yeye ameshaona ulivyomfanyia ndugu yake.

Anachokosa kuambiwa ni jinsi fedha yenyewe inavyotembea. YouTube iliweka sharti mwaka 2018 kwamba ili chaneli ianze kuingizwa kwenye malipo ya matangazo, iwe na watu 1,000 waliojiandikisha na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka. Ukivuka hapo, mwenye video ndefu anapata asilimia 55 ya fedha ya tangazo. Inaonekana si haba, mpaka ujue kwamba bei ya tangazo inategemea mtazamaji yuko wapi, na mtangazaji hulipa kidogo sana kwa mtazamaji wa Tandahimba kuliko wa Toronto. Watazamaji milioni moja wa kwetu si sawa na milioni moja wa kwao. TikTok ilipoanzisha mfuko wa kuwalipa watengenezaji video mwaka 2020 ilianzia Marekani, kisha ikaenda Ulaya. Wa kwetu amebaki kukaa laivu akiomba zawadi za maua na simba wa kuchorwa, na kampuni inakata fungu lake kabla hajagusa chochote. Muuza bando naye ameshalipwa na kila aliyeingia kutazama.

Ndiyo maana msanii wetu anaishi kwa shoo na kwa mikataba ya matangazo, na vyote viwili vinategemea kuzungumzwa. Ukiacha kuzungumzwa miezi mitatu simu ya promota inanyamaza. Hapa ndipo kiki inapozaliwa, na ningependa tuielewe kiki kama sehemu ya kazi badala ya kuicheka kama tabia mbovu. Wimbo mpya unatoka Ijumaa, basi Jumatatu penzi linavunjika. Jumatano zinavuja picha za mtu wa tatu. Alhamisi anajitokeza mama mzazi kuhojiwa, analia. Wimbo unatoka, unaangaliwa mara laki kadhaa siku ya kwanza, na kila aliyehusika anasema haikuwa kiki. Baada ya mizunguko mitano ya namna hii mhusika mwenyewe hajui tena ugomvi upi ulikuwa wa kweli. Mpenzi wake hajui. Akiumwa kweli, watu wanasema anatafuta kiki. Akifiwa wanasubiri kuona wimbo unatoka lini.

Huo ndio upotevu ninaouona mkubwa kuliko wote, na hauzungumzwi: mtu anapoteza uwezo wa kuaminiwa katika jambo la kweli. Ameshatumia machozi yake kazini. Siku ya msiba wake halisi anatoa machozi yaleyale, na jamii inayapokea kama tangazo.

Mwaka 1956 wasomi wawili wa Marekani, Donald Horton na R. Richard Wohl, waliandika kuhusu hali waliyoiona kwa watazamaji wa televisheni: mtu anamtazama mtangazaji kila jioni mpaka anahisi ni rafiki yake, ilhali mtangazaji hajui kama mtu huyo yupo duniani. Walikuwa wakizungumzia sanduku sebuleni lenye vipindi kwa saa maalumu. Sasa sanduku liko mfukoni, na staa anaamka nalo, anapiga mswaki nalo, anakuonyesha chumba cha hospitali. Anakuita familia. Anakwambia asingefika hapo bila wewe. Hisia ya kumjua inakuwa nzito kiasi kwamba shabiki anajiona ana haki ya umiliki. Kwa nini umeoa bila kutuambia? Kwa nini umenenepa? Kwa nini mtoto hafanani na wewe? Maswali haya yanaulizwa na watu ambao hawathubutu kumuuliza hivyo binamu yao.

Kisha mashabiki wanajipanga kwa timu. Aliyekuwa Tanzania miaka ya katikati ya 2010 anakumbuka Timu Diamond na Timu Kiba, ya mwimbaji Alikiba, jinsi watu wazima wenye kazi na watoto walivyoweza kushinda mchana kutwa wakitukanana kwa niaba ya wanaume wawili ambao hawakuwatuma. Wapo waliosema ni burudani kama Simba na Yanga. Sikubaliani. Timu ya mpira ina dakika 90, ina mwamuzi, ina ligi inayoisha. Vita vya timu za mitandaoni havina filimbi ya mwisho, na mpira wenyewe ni mtu. Waliopigwa zaidi katika vita hivyo walikuwa wanawake: wapenzi, wazazi wenza, dada. Wengi wao hawakuwa na wimbo wala filamu ya kuuza. Kosa lao lilikuwa kumpenda mtu anayejulikana.

Tumwangalie mwigizaji Steven Kanumba. Alifariki Dar es Salaam usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28. Wakati huo hakuna uso wa Bongo Movie uliojulikana kama wake, Tanzania na nchi jirani. Maelfu walijaa viwanja vya Leaders kumuaga, viongozi wa serikali wakawa mstari wa mbele, na watu ambao hawakupata kuonana naye hata mara moja walizimia. Upendo ule ulikuwa wa kweli, na sitaudharau. Ila ulikuwa mzito kuliko mfumo uliokuwa chini yake. Filamu nyingi za enzi ile ziliuzwa jumla kwa msambazaji, msanii akapewa fedha mara moja, na msambazaji akachapa na kuuza nakala kadiri alivyotaka. Uso ukaingia kila nyumba yenye deki, na kila nakala iliyouzwa baada ya hapo haikumrudishia mwenye uso hata senti.

Miezi michache baadaye, Januari 2013, akafariki Sajuki, mwigizaji mwenzake, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Kabla ya hapo Watanzania waliombwa wachange ili apelekwe India kwa matibabu, na walichanga. Nchi nzima ilimjua kwa jina. Jina hilo halikuweza kulipa tiketi na kitanda cha hospitali. Tangu hapo tumeona michango ya namna hiyo mara nyingi mno kwa waigizaji, waimbaji wa taarabu, wanamuziki wa dansi waliotamba redioni miaka ya 1970 na 1980, na bado kila inapotokea tunashangaa, tunauliza fedha zote zile alipeleka wapi. Fedha zipi? Tulichokiona sisi ni umaarufu, tukaudhani ni akiba ya benki.

Wapo waliojaribu kujadiliana upya na wenye mali. Mwimbaji Harmonize alipoondoka kwenye WCB Wasafi, lebo ya muziki ya Diamond, mwaka 2019, alisema baadaye hadharani kwamba ilimbidi alipe shilingi milioni 500 ili awe huru. Lebo zina hoja zao: zinawekeza kwa kijana asiyejulikana, zinalipia studio, video, nguo na safari, na wengi wao hawarudishi kitu. Sitaki kuhukumu mkataba nisiousoma. Ninachokiona ni kwamba kijana anasaini akiwa na njaa na bila wakili, na anakuja kuusoma mkataba akiwa ameshakuwa na jina, wakati ambapo jina hilo ndilo linaloshikiliwa.

Kuna gharama nyingine ambayo wanaotamani umaarufu hawaifikirii kabisa, nayo ni kwamba dola nayo inakuona. Aprili 2018, muda mfupi baada ya Tanzania kutoa kanuni za maudhui ya mtandaoni, Diamond alihojiwa na polisi kwa video alizoweka Instagram. Oktoba 2019 ikawa zamu ya mchekeshaji Idris Sultan, yule aliyeshinda Big Brother Africa mwaka 2014 na kuondoka na dola 300,000. Alishikiliwa kwa sababu ya picha alizochezea, zilizoweka sura yake mahali pa sura ya Rais John Magufuli na ya Rais mahali pa kwake. Mtu wa kawaida angeweza kufanya hivyo kwenye kundi la WhatsApp la familia na lisijulikane. Upande wa pili, wanasiasa wanawapenda mastaa wakati wa kampeni, wanawapandisha jukwaani, wanawavalisha rangi za chama, na msanii anabaki na nusu ya mashabiki wanaomwona msaliti kwa miaka mitano. Hawezi kukataa kirahisi, kwa kuwa kibali cha shoo yake kinatoka ofisi za wale wale.

Nirudi kwa vijana, hasa wasichana. Septemba 2021 gazeti la Wall Street Journal lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa ndani wa kampuni ya Facebook, ambayo sasa inaitwa Meta na ndiyo mmiliki wa Instagram. Miongoni mwa yaliyoonekana ni kwamba asilimia 32 ya wasichana wa umri wa ujana walisema wanapojisikia vibaya kuhusu miili yao, Instagram huwafanya wajisikie vibaya zaidi. Kampuni ilikuwa ikilijua hilo. Hao ni wasichana wanaotazama tu. Anayetaka kutazamwa yuko kwenye hali ngumu zaidi, kwa sababu anagundua mapema sana posti ipi inapata watu. Anaweka picha akiwa na cheti chake cha ufundi cherehani, wanapenda 40. Anaweka nyingine na gauni fupi, wanapenda 4,000. Hakuna mtu aliyemshauri vibaya. Hesabu imemfundisha, na inaendelea kumfundisha kila siku, ikimsogeza hatua moja mbele ya pale alipodhani ataishia.

Na video ya faragha ikivuja, tunajua mwendo wake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inamgusa anayesambaza picha za ngono, kwa hiyo kila aliyebonyeza kumtumia mwenzake amejiweka kwenye hatari. Waliobonyeza ni makumi ya maelfu na hawana majina. Jina linalobaki ni la msichana. Miaka kumi baadaye, akiomba kazi au akitaka kuolewa, mtu atalitafuta jina hilo kwenye simu na video itakuwa ya kwanza kutokea. Mwanamume aliyekuwa naye kwenye video mara nyingi hakumbukwi hata sura.

Sisemi umaarufu hauna faida yoyote. Rehema Chalamila, Ray C, alikuwa mmoja wa waimbaji waliopendwa sana Tanzania kabla ya kuingia kwenye heroini. Mwaka 2012 ilipojulikana hali yake, Rais Jakaya Kikwete alimsaidia kupata matibabu, na yeye akatoka hadharani kuzungumza. Kliniki ya methadone, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, ilikuwa imeshafunguliwa Muhimbili mwaka 2011, lakini watu wengi wa mitaani, naamini, walilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza kupitia habari zake. Familia zilizokuwa zikificha vijana wao ndani ziliona kwamba huu ni ugonjwa unaotibika. Hilo ni jambo jema, limefanywa na jina kubwa, na hakuna bango la wizara ambalo lingelifanya vilevile.

Ila tukumbuke pia upande wa pili wa kisa hichohicho. Kila aliporudi nyuma, kama wanavyorudi nyuma wengi wanaopambana na uraibu, alirudi nyuma mbele ya kamera. Madaktari wanaelewa kurudi nyuma ni sehemu ya safari ya kupona. Mtandao hauelewi hivyo. Unaona mwisho wa mchezo na kuupa kichwa cha habari. Vijana wengine wa Kinondoni na Temeke waliokunywa methadone asubuhi moja naye walipewa kitu ambacho yeye hakukipata, nafasi ya kuanguka bila kutazamwa.

Machi 2024, huko Kenya, kijana wa TikTok aitwaye Brian Chira alifariki baada ya kugongwa na gari. Alikuwa na miaka 23. Alikuwa amezungumza waziwazi mbele ya watazamaji wake kuhusu msongo wa mawazo uliomsumbua. Mazishi yake huko Githunguri, kaunti ya Kiambu, yalijaa vijana walioinua simu wakirusha laivu. Wengi walikuja kwa mapenzi, nao walichangisha fedha kwa ajili ya bibi yake aliyemlea. Pia walikuwepo waliokuja kwa sababu palikuwa na watazamaji. Nikilinganisha na Leaders mwaka 2012, naona kilichobadilika katika miaka kumi na miwili. Waliomzika Kanumba walikuja kumwona staa kwa mara ya mwisho. Githunguri, sehemu ya waombolezaji walikuja wakiwa na hadhira zao wenyewe, na msiba ukawa maudhui.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema tatizo ni la mastaa wachache na wanaotaka kuwa kama wao. Kamera zilizomfukuza Princess Diana mjini Paris usiku wa Agosti 31, 1997 zilikuwa za wapiga picha wanaolipwa, na dunia iliweza kuwanyooshea kidole. Sasa kamera ni zetu. Tumejifunza kutoka kwa mastaa namna ya kutazamana, tukaileta nyumbani. Mfanyakazi wa ndani anarekodiwa akikosea kuongea Kiingereza na video inatumwa. Mwalimu anarekodiwa akilia. Mzee aliyelewa anahojiwa na kijana mwenye maikrofoni yenye nembo ya chaneli yake, anaulizwa maswali ya kumchekesha, na hajui kwamba wajukuu zake wataona. Githeri Man alikuwa wa mapema tu. Kila wiki tunatengeneza wengine, na wengi hawapati nishani wala zawadi.

Kwa hiyo kijana akija kwangu na ndoto ya kujulikana, simkatazi kuimba wala kuigiza. Namuuliza anajua kufanya nini ambacho kitabaki chake watu wakiacha kumtazama. Namwambia wimbo ausajili kabla haujatoka. Tanzania ina taasisi ya hakimiliki na mwaka 2022 wanamuziki walianza kugawiwa mirabaha kwa kazi zao kupigwa redioni na kwenye televisheni. Ni fedha ndogo, ila ni fedha ya kazi. Inakuja hata siku ambayo msanii hana cha kusema Instagram. Namwambia mkataba ausome na mtu asiyefaidika na saini yake. Chuo cha sanaa cha Bagamoyo kimekuwepo tangu mwaka 1981, na kinatoa watu wanaojua ngoma, maigizo na muziki. Ningependa kila kijana anayeingia studio ya uchochoroni apate angalau wiki mbili za kufundishwa kusoma karatasi.

Kwa watoto ninataka zaidi ya ushauri. Siku hizi mtoto wa staa anafunguliwa akaunti kabla ya kutambaa, anakuwa na wafuasi kabla ya meno, na anatangaza nepi. Wazazi wasio mastaa wameiga, wanawarekodi watoto wakiadhibiwa, wakilia, wakioga, wakisema maneno ya kikubwa yanayochekesha. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, Tanzania ina yake ya mwaka 2022, na zote zinamtazama mzazi au mlezi kama mtu wa kutoa idhini kwa niaba ya mtoto. Ziliandikwa zikimfikiria mtu wa nje anayezitaka taarifa za mtoto. Pale ambapo mzazi ndiye mwenye akaunti, ndiye anayerekodi na ndiye anayelipwa, idhini anaiomba kwake na anajipa mwenyewe.

Ufaransa ilipitisha sheria Oktoba 2020 kuhusu watoto walio chini ya miaka 16 wanaotumika kwenye video za biashara mitandaoni. Sehemu ya fedha wanazoingiza inawekwa kwenye taasisi ya umma mpaka wafikie utu uzima, na mtoto mwenyewe anaweza kudai video ziondolewe bila kupitia kwa wazazi wake. Vifungu viwili hivyo vinaweza kuandikwa kwa Kiswahili na kuwekwa mezani Dodoma na Nairobi bila gharama kubwa, na wakati wake ni sasa, kabla kizazi cha kwanza cha watoto waliokulia mbele ya kamera hakijafikisha miaka kumi na minane na kuanza kuuliza fedha za nepi zile zilikwenda wapi.